Karatasi yenye sifuri

Assalaam alaykum. Mama zangu, dada zangu, ahsanteni kwa kuziacha karafuu mkaja. Na wale mabwana wawili waliokaa nyuma wasione haya: katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya maziwa, kama mmoja hivi ni mwanamme.

Nianze na hilo mnaloliogopa, kubanwa. Kwenye mamogramu, yaani eksirei ya ziwa, ziwa huwekwa baina ya vibao viwili, likabanwa kwa sekunde chache. Kila ziwa picha mbili: moja kutokea juu, moja ya mshazari inayofika kwapani. Inauma? Inauma, sikudanganyeni. Lakini karafuu zikiwa rundo huyaoni makonyo, vile vijiti vyake. Zitandaze jamvini, yanajitokeza yenyewe. Poda na dawa ya kwapa siku hiyo ziacheni nyumbani, chembe zake hutoka kwenye picha kama vijiwe vya chokaa, tukahangaika bure.

Nyinyi vijana mara nyingi mtaanziwa na ultrasaundi. Ziwa la kijana limejaa tezi, na kwenye mamogramu tezi ni nyeupe, uvimbe nao mweupe. Kamtafute punje ya mchele ndani ya nazi iliyokunwa! Ultrasaundi haina mionzi, ni sauti tu, na inajua kutenga kifuko cha maji na uvimbe wa nyama.

Sasa karatasi ya majibu. Bi mkubwa mmoja alinijia na yake, kaifunga kwenye pindo la kanga miezi mitatu, hajamwonesha mtu. Imeandikwa 0. Alipochukulia majibu aliambiwa "utarudi", basi. Akaelewa anavyojua yeye.

Sifuri maana yake picha hazijatosha, tunataka nyengine. Moja ni safi. Mbili, kipo kitu lakini hakidhuru. Tatu, karibu hakika si saratani, ila urudi baada ya miezi 6 tulinganishe. Nne na tano ndipo tunapotaka kuchukua kinyama kwa sindano, maana picha peke yake haithibitishi saratani. Na mwenye kivimbe anachokigusa kwa mkono, hata picha ikiwa safi, asiondoke. Aseme: "Kipo hapa."

Yule bi mkubwa tulimpiga ultrasaundi asubuhi ile ile. Kifuko cha maji. Akaifunga tena karatasi yake pindoni, akaniuliza kama tumemaliza. Kaanika karafuu na wingu limeshatanda.