Joto Halihesabu Kilomita: Pikapu za Otomatiki na Kazi ya Kuvuta Tela Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mafundi wenzangu, madereva, na nyinyi wenye maboti mliotoka Tumbe na Wete asubuhi yote hii, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze habari ya pikapu za otomatiki zinazovuta tela. Kila nikikaa na madereva hapa Chake nasikia neno moja: kisiwa chetu kidogo, kutoka Mkoani mpaka Konde huimalizi hata kilomita mia, giaboksi itachokea wapi? Mimi naona neno hilo ndilo linaloua giaboksi nyingi za Pemba. Giaboksi ya otomatiki inauliwa na joto, na joto hilo huzaliwa zaidi pale gari inapokwenda polepole, au pale inapotaka kwenda na haiendi. Kilomita hazikuonyeshi hayo.

Nikuelezeni kwa nini. Gari ya gia za mkono ina klachi. Ukiachia mguu, injini na giaboksi zinashikana. Otomatiki haina klachi ya mguu. Ina tokwe konvata, na ndani yake mna mapanga yanayotazamana kama feni mbili, baina yao oili. Feni ya kwanza inazungushwa na injini, inairusha oili, na oili ndiyo inayoizungusha ya pili. Chuma hakigusi chuma. Watu wa bahari mtapenda kujua kwamba asili ya kifaa hichi ni melini: Mjerumani Hermann Föttinger alikibuni ili kuunganisha mashine ya meli na pangaboi lake, na hataza yake ni ya 1905.

Maadamu feni hazigusani, ile ya injini huizidi mwendo ile ya pili, na nguvu inayopotea baina yao inageuka joto ndani ya oili. Barabarani, mwendo ukitulia, kuna klachi ya ndani inayozifunga feni zote mbili zikazunguka pamoja, na joto linashuka. Ukipanda kilima na tela nzito, klachi ile inafunguka. Na gari ikiwa imezama mchangani, umekanyaga mafuta na matairi hayazunguki, karibu nguvu yote ya injini inaingia kwenye oili.

Vitabu vya matengenezo vya Toyota vina jaribio la kupima nguvu ya giaboksi kwa kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Vinaonya: lisizidi sekunde 5. Hiyo ni karakana, gari haina mzigo, fundi yuko tayari. Sasa fikirini boti inavyopandishwa pwani. Dereva kakanyaga mafuta, vijana wanasukuma, mwengine anapiga kelele "ongeza, ongeza!", na boti haijatoka kwenye maji. Hapo sekunde ngapi zinapita? Gari hiyo huenda kwa siku nzima imekwenda kilomita 6 tu, na oili yake imeshachoka kuliko ya gari iliyokwenda Mkoani na kurudi mara kadhaa bila ya mzigo.

Kwa hesabu: oili ya giaboksi hufanya kazi vizuri kwenye digrii 80 mpaka 95 hivi. Kanuni ya mafundi ni kuwa kila inapozidi hapo kwa digrii kama 10, umri wa oili unakatika nusu. Ikivuka 120 inaanza kuacha utando kwenye vali. Ikikaribia 150, sili za mpira zinakuwa ngumu, presha inavuja, vibao vya zile klachi za ndani zinazoshika gia vinaanza kuteleza, na kule kuteleza kunaongeza joto jengine juu ya lile la mwanzo. Ikishafika hapo haikawii.

Kwa hiyo nakuombeni sana wenye maboti: ingieni mchangani mkiwa mmeshaweka L4, ile gia nzito ya kuvuta matairi manne. Wengi wanaiweka baada ya gari kuzama, na hapo imeshachelewa. Gia ile nzito inaipunguzia tokwe konvata kazi ya kuteleza, maana matairi yanapata nguvu nyingi injini ikiwa haijanguruma. Punguzeni upepo wa matairi. Ikigoma, ondoa mguu papo hapo, weka N, wacha injini izunguke polepole dakika chache ili pampu iipitishe oili kwenye kipoozeo. Ikiwa mna kamba ndefu iliyo madhubuti, gari ibaki juu kwenye ardhi ngumu na boti ivutwe kwa kamba, watu wote wakae mbali nayo isije ikakatika. Na msubiri maji. Siku za bamvua maji yetu yanapanda na kushuka kama mita 4. Boti inayotolewa maji yamejaa ina mchanga mchache wa kupita. Jambo hilo halina gharama hata senti. Ukisharudi kwenye lami, toa L4, maana kwenye ardhi kavu inayoshika, ukikata kona unavisokota vyuma vya chini.

Kuna jambo la maji ya chumvi ambalo watu wa bara hawalijui kama sisi. Gari iliyotoka mbali ina difu, lile boksi la gia la kwenye ekseli, ya moto. Ukiiingiza baharini ghafla, hewa ya ndani inapoa, inasinyaa, na inavuta maji kupitia sili au tundu la kupumulia. Giaboksi nayo ina tundu lake. Simama kwanza, wacha ipoe, na unaporudi nyuma usiyaache maji yafike kwenye ekseli. Kisha osha chini kwa maji matamu siku ile ile. Nimeona mabomba ya oili ya giaboksi yameliwa na kutu mpaka yakatoboka, na dereva hana habari, kwa sababu bomba limejificha na tone moja moja halionekani mchangani.

Mizigo nitaipitia haraka, kwani iko wazi. Lita 1000 za maji ni kilo 1000, bado tangi lenyewe na chuma cha tela. Hilux na Ranger nyingi za miaka ya karibuni zimeandikiwa kilo 3500, lakini hiyo ni kwa tela yenye breki zake. Isiyo na breki ni kilo 750. Tela za kuchomelea ninazoziona huku nyingi hazina breki. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe.

Vilima vya Chake kwenda Wete ni habari nyengine. Ukiona giaboksi inapanda gia, inashuka, inapanda tena, usiiache ihangaike. Kama gari yako ina kitufe cha O/D, yaani cha gia ya juu kabisa, kizime. Kama ina hali ya kuvuta tela, iwashe. Gari itanguruma kidogo, mafuta yataliwa zaidi kidogo, lakini giaboksi itatulia kwenye gia moja. Kushuka nako, shuka kwa gia ndogo ili injini ikusaidie breki. Na ukisimama mlimani, usiizuie gari kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, tumia breki. Ukitaka kuegesha, mguu kwenye breki, weka N, vuta hendibreki, achia mguu gari ikae juu ya hendibreki, ndipo uweke P. Ndani ya P mna kijino kimoja cha chuma, na gari na tela na boti vyote usivitundike hapo.

Sasa oili. Kama gari yako ina kijiti cha kupimia, ipime gari ikiwa imepata moto, injini inazunguka, mahali tambarare, baada ya kuipitisha gia zote. Nyekundu safi ni nzuri; kahawia yenye harufu ya kuungua imekwisha, hata kama uliibadilisha mwaka huu. Ikiwa ya waridi nzito kama maziwa, maji ya rejeta yameingia, kwa sababu kipoozeo cha oili cha gari nyingi kimo ndani ya rejeta. Usiiwashe tena gari hiyo hata kwenda gereji, maji yanabandua vibao vya klachi. Anayevuta kila wiki namshauri afunge kipoozeo cha pili mbele ya rejeta, hasa kwa joto la kaskazi.

Aina za oili zisichanganywe. Toyota T-IV na WS si kitu kimoja, Nissan ina Matic-S, Ranger nyingi za gia 6 zinataka Mercon LV na za gia 10 Mercon ULV, na rangi nyekundu haikwambii ni ipi. Fungua kitabu cha gari. Na ukifungua skrubu ya chini ukamwaga, kiasi kikubwa kinabaki ndani ya tokwe konvata; ndiyo maana mimi humwaga, nikajaza, gari ikaenda siku chache, nikamwaga tena.

Kuna mzee ameuliza hapa mbele: je, si kweli kwamba ukibadilisha oili ya zamani giaboksi inakufa? Mzee wangu, inayokufa hivyo vibao vyake vilikuwa vimeshakwisha kabla, na mara nyingi ilikuwa imeshaanza kuteleza. Gari kama hiyo ichunguzwe kwanza. Lakini gari nzima isinyimwe oili mpya kwa khofu hiyo, na anayevuta tela asingoje kilomita 100,000 kwa sababu muuzaji kamwambia oili ni ya maisha. Vitabu vingi vina ratiba ya kazi ngumu, na kuvuta tela kumetajwa humo.

Na kijana wa Mkoani kauliza: giaboksi ikifa njiani, avutwe kwa kamba mpaka gereji? Hapana, mwanangu. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikizimwa na matairi yanayovuta yakizunguka, vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Tafuta lori la kuibeba, au fundi akufungulie shafti ya nyuma kwanza, na kama ni gari ya kuvuta matairi manne, ya mbele pia.