Tofali Moja, Ubao Mmoja: Pima Msuguano na Kanieneo Nyumbani

Karibuni uani, hapa Kisumu. Mkisikia honi, hizo ni bodaboda za barabarani, nami sina uwezo wa kuzinyamazisha. Nina tofali la kuchoma, ubao wa mita moja, futi ya fundi, kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli na karai la udongo mweusi wa Kano uliolowa. Nitahitaji pia tofali la pili baadaye kidogo.

Kabla hatujaanza, chukua karatasi. Nitaweka tofali ubaoni likiwa limelala, kisha likiwa kwa ubavu. Lipi litateleza mapema? Andika jibu, ulikunje, uliweke mfukoni. Usidanganye.

Hatua ya kwanza: pangusa ubao hadi uwe mkavu kabisa. Juzi niliuacha nje, ukanyeshewa usiku, na asubuhi kila kipimo kilikuja na nambari yake. Nilipoteza saa nzima nikilaumu tofali.

Laza tofali kwa upande mpana, karibu na ncha moja ya ubao. Zuia ile ncha ya pili kwa jiwe ubao usirudi nyuma. Sasa inua ncha yenye tofali polepole. Polepole zaidi ya hapo! Uzito unalivuta tofali lishuke, msuguano unalizuia. Endelea... hapo, limeondoka. Usitikise ubao. Mwenzako apime kimo, yaani kutoka sakafuni hadi ncha iliyoinuliwa. Kisha apime kitako, yaani umbali wa sakafuni kutoka mguu wa ubao hadi chini ya ncha hiyo. Mimi nimepata kimo sm 50 na kitako sm 87. Gawanya cha kwanza kwa cha pili: 0.57. Hiyo ndiyo nambari ya msuguano kati ya tofali langu na ubao wangu. Haina nyutoni wala kilo, ni nambari tupu. Rudia mara tano, utafute wastani.

Hatua ya pili: geuza tofali likae kwa ubavu, urefu wake ukifuata urefu wa ubao. Usilisimamishe wima, litapinduka kabla ya kuteleza, na vidole vyako viko karibu. Inua tena. Tazama futi: sm 50, pengine 51. Hakuna tofauti ya maana.

Sasa pandisha tofali la pili juu ya la kwanza, uyafunge kwa kamba. Inua. Kimo ni kilekile! Uzito wa kuteremka umeongezeka maradufu, lakini na ule unaoyagandamiza matofali kwenye ubao umeongezeka maradufu pia. Mfaransa Guillaume Amontons aliyatangaza haya mawili, la eneo na la uzito, mwaka 1699.

Funga tyubu chini ya tofali na ujaribu tena. Langu limeng'ang'ania hadi kimo cha sm 60, kitako sm 80: 0.75. Kilichobadilika ni zile nyuso mbili zinazogusana, basi.

Sasa njoo kwenye karai. Tofali langu lina kilo 3, kwa hiyo linakandamiza kwa takriban nyutoni 30. Lina urefu wa sm 22, upana wa sm 11 na unene wa sm 7. Lilaze topeni kwa dakika moja, ulitoe, kisha ulisimamishe wima pembeni kwa dakika nyingine. Angalia mashimo hayo mawili. Likilala, eneo ni sm 242 za mraba, na kanieneo, yaani kani kwa kila mita ya mraba, ni paskali 1,240 hivi. Likisimama, eneo ni sm 77 za mraba, na kanieneo inafika kama paskali 3,900. Neno lenyewe linajieleza: kani, eneo. Pale Dunga, ufuoni mwa ziwa, utamwona ndege mwenye vidole virefu ajabu akitembea juu ya gugumaji bila kuzama. Uzito wake umetandazwa.

Mbona basi tope linajali eneo, na ubao haujali? Ungekuwa na hadubini ungeona kwamba tofali na ubao havigusani kote. Vinagusana kwenye vinundu vichache tu, vile virefu. Ukililaza tofali, vinundu ni vingi lakini kila kimoja kinabanwa kidogo. Ukiliweka kwa ubavu, vinundu vinapungua, kanieneo inapanda, na kila kimoja kinabanwa zaidi, kinabonyea na kutanuka. Mguso halisi unabaki karibu uleule, na msuguano nao vivyo hivyo.

Haya, toa ile karatasi mfukoni. Uliandika nini?