Lengo Linalotekelezeka: Mhadhara kwa Wanachama wa Vyama vya Akiba, Nakuru

Waheshimiwa viongozi wa vyama, akina mama, akina baba na vijana mliofika ukumbini, nawasalimu nyote. Mliniomba nizungumzie namna ya kuweka malengo, nami nimeona heri nianze na mwana wa kaunti yetu hii, Faith Kipyegon wa Keringet. Mnamo Juni 2025, jijini Paris, alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya. Rekodi yake ya mwaka 2023 ilikuwa dakika 4 na sekunde 7.64, na siku hiyo alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6.42. Hakupata alichokitaka, lakini kwa kuwa kipimo kilikuwa wazi, alijua alikofika na kilichosalia. Siku chache baadaye, huko Eugene, Marekani, aliivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500.

Sisi nasi husema kila Januari kwamba mwaka huu tutainua biashara, na Desemba ikifika hatuna cha kupimia kama imeinuka. Mwanasaikolojia Edwin Locke alionyesha katika makala yake ya mwaka 1968 kwamba watu waliopewa lengo bayana na gumu hufanya vizuri kuliko walioambiwa wajitahidi tu kadiri wawezavyo. Kwa hiyo asiwepo anayedhani kwamba lengo linalotekelezeka ni lazima liwe jepesi. Linaweza kuwa zito sana, mradi mwenye nalo aweze kutaja kazi atakayoifanya kesho asubuhi kwa ajili yake.

Tuchukue mama mboga wa soko la Wakulima anayetaka friji ya shilingi 36,000 ili auze na maziwa. Akiweka shilingi 200 kwa siku, siku 6 kwa wiki, atazifikisha baada ya wiki 30. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi, ila haijamkumbuka mtoto anayerudi shuleni muhula wa pili akidai karo, wala wiki ambazo sukuma wiki imejaa sokoni na bei imeanguka. Mimi ningemshauri aweke shilingi 150 na akubali wiki 40, kwa sababu kiasi anachoweza kukitoa hata katika wiki mbaya ndicho kitakachomfikisha. Kisha aamue mapema saa na mahali pa kukitoa. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameandika kwa kirefu juu ya mipango ya namna hii, ambamo tendo hufungamanishwa na wakati wake: nikishafunga kibanda jioni, natuma shilingi 150 za chama kwa M-Pesa kabla sijapanda matatu. Uamuzi uliofanywa asubuhi hausubiri uchovu wa jioni uutengue.

Mkulima wa mahindi wa Njoro naye asijiahidi magunia, kwa maana mvua na bei haviko mikononi mwake. Ajiahidi kupima udongo, kuwa na mbegu nyumbani kabla ya masika, na kupalilia kwa wakati.

Limebaki suala la anayekwama, nalo ndilo ninaloliona likivunja vyama vingi. Mtoto akiugua na akiba ikaguswa, katibu aandike daftarini kiasi kilichotolewa na tarehe mpya ya kununua friji, na lengo liendelee. Katika kila mkutano, mwanachama asome alichoahidi na alichotoa, bila yeyote kumsema vibaya, kwani anayeaibishwa huacha kuja, na asiyekuja hakuna atakayeketi naye kukubaliana ashuke kutoka shilingi 150 hadi 100 mpaka mtoto apone.