Zege Lililokomaa Si Zege Lililokauka
Mhadhara kwa mafundi sakafu na wenye nyumba, Dar es Salaam

Mafundi wenzangu, mama zangu na baba zangu wenye nyumba, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuwahi.

Kuna simu naipokea karibu kila wiki. "Fundi, zege letu limetimiza siku 28, mbao za sakafu zimeshafika. Tuzibandike kwa gundi au ziunganishwe tu zikae juu?" Nami nauliza: hilo zege lina maji kiasi gani? Hapo simu inanyamaza.

Siku 28 ni hesabu ya nguvu. Ndizo siku tunazongoja kabla ya kulipima zege kama linabeba mzigo uliokusudiwa. Na siku za mwanzo za hizo 28 tulikuwa tunafanya nini? Tunamwagilia asubuhi na jioni, tunatandaza magunia mabichi. Tulikuwa tunalinywesha! Zege likikomaa, ndiyo kwanza safari ya kukauka inaanza.

Tupige hesabu pamoja. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa kawaida unachanganywa na maji lita 25 hadi 30, na wale wanaopenda zege jepesi kumwaga wanazidisha. Saruji yenyewe, ili ishike, inafunga maji karibu robo ya uzito wake, yaani lita 12 hivi. Yanayobaki yamekaa ndani ya vinyweleo vya zege, na njia yao ya kutokea ni juu, pale pale unapotaka kulaza mbao. Kanuni ya zamani ya kazi hii inasema milimita 25 za unene kwa mwezi, hali ya hewa ikiwa nzuri. Jamvi, yaani zege la sakafu, la milimita 100 ni miezi minne, tena kuanzia siku paa limefunika na madirisha yamefungwa. Mvua ikilinyeshea tena, anza kuhesabu upya.

Sasa nisemee Pwani yetu. Zege haliwezi kuwa kavu kuliko hewa inayolizunguka. Watengenezaji wengi wa mbao hizi wanataka unyevu wa hewa iliyo ndani ya vinyweleo vya zege usizidi asilimia 75, na masika hewa ya Dar es Salaam hupita asilimia 80 mara kwa mara. Nyumba iliyoachwa wazi kuanzia Machi hadi Mei, hata ukingoja namna gani, haitafika. Lazima uifunge, uwashe kiyoyozi au mashine ya kukausha hewa, ndipo zege litoe maji.

Nilijifunza hili kwa maumivu. Nyumba moja karibu na bahari, jamvi la wiki sita, mkandarasi akaniambia ni kavu. Nililitazama, lilikuwa jeupe, nikaligusa, halikulowesha mkono. Nikapaka gundi, nikabandika sebule nzima. Baada ya miezi miwili nikaitwa. Kila ubao kingo zimenyanyuka, katikati pamebonyea, ukitembea bila viatu unahisi mawimbi. Upande wa chini wa mbao ulikuwa umekunywa maji ukatanuka, wa juu wenye vanishi haukutanuka kiasi hicho. Na maji yanapopanda hubeba alkali ya saruji, nayo inaila gundi polepole. Tulipoanza kubandua, zilitoka kwa mkono. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akitazama, hakusema neno. Tangu siku ile siweki ubao juu ya zege ambalo halijapimwa.

Kipimo ninachokiamini ni cha kutoboa. Unatoboa tundu lifike asilimia 40 ya unene, kwa jamvi la milimita 100 ni milimita 40, unaingiza kipimo cha unyevu, unaziba, unaacha saa 24, ndipo unasoma. Uso wa zege unadanganya. Kule chini ndiko maji yalikojificha.

Nije kwenye mbao. Hizi tunazozungumzia ni za tabaka: juu mti halisi wa milimita 2 hadi 6, chini plaiwudi ambayo nyuzi zake zinapishana. Kupishana huko ndiko kunakozifanya zitulie kuliko mbao nzima ya mninga au mtiki. Zinatulia zaidi, lakini hazijaacha kuwa mbao. Zinatoka kiwandani na unyevu, yaani maji kwa uzito wa mbao kavu, wa asilimia 6 hadi 9, na hewa yetu nyumba ikiwa wazi inazivuta zaidi ya 14. Zitatanuka tu.

Kwa hiyo jamvi jipya la chini, huku Pwani, shauri langu ni kuziunganisha bila kuzibandika. Kwanza nailoni ya unene wa geji 1000, vipande vilaliane sentimita 20, vifungwe kwa tepu, pembeni ipande ukutani kidogo. Juu yake sponji ya milimita 2 au 3. Usiweke mbili, maungio yatavunjika. Kisha mbao, na kila ukuta uachiwe nafasi ya milimita 10 hadi 15, skating, ule ubao wa chini ya ukuta, itaifunika. Fundi anayebana ubao hadi ukutani kwa sababu panapendeza, ndiye atakayeitwa sakafu ikivimba katikati. Makabati ya jikoni yasikae juu yake. Na nailoni si ruhusa ya kulaza juu ya zege bichi, bado pima.

Gundi ina raha yake, sikatai. Sakafu haitoi mlio wa uwazi, unatembea kama juu ya jiwe. Naitumia ghorofani, ambako zege linatoa maji juu na chini, kipimo kikinipa ruhusa, na gundi iwe ile inayonyumbuka. Lakini kuibandua ni kuvunja. Njia ya tatu, misumari, inahitaji plaiwudi au fito kwanza, sakafu inapanda, milango inakwaruza, na kwenye fito mchwa wanapata njia usiyoiona. Kwa jamvi la chini siipendekezi.

Kwa njia yoyote, weka rula ya mita 2 sakafuni. Panapozidi upenyo wa milimita 3, sawazisha kwanza.

Sasa, jana saa kumi jioni nilibandika kipande cha nailoni, sentimita 45 kwa 45, kwenye chumba kipya hapo nyuma, nikafunga tepu pande zote. Leo ni saa nne, zimepita saa 18. Tukikuta matone chini yake, zege ni bichi, hakuna mjadala. Tukikuta pakavu, bado tutatoboa. Inukeni, twende tukaifungue pamoja.