Kwa Nini Mji Huu na Si Ule: Mhadhara kwa Waandishi wa Hadithi, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Nimezisoma hadithi zenu za vita vya nyuklia. Karibu zote zinaanza kwa kuteketea New York, London au Moscow. Leo nawaomba mkae upande wa yule anayepanga shambulio. Akitandaza ramani, anatafuta nini? Anatafuta kinachopita katika mji na kinachotoka humo.

Tuanzie hapa nyumbani. Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kwa meli kutoka India waje kuiteka Tanga. Waliitaka bandari, na reli inayotoka hapa kwenda Moshi. Jeshi dogo la Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, liliwashinda, lakini hesabu yao ndiyo hesabu ya wapangaji wa vita hadi leo.

Sasa Japani, 1945. Kamati ya Wamarekani ilitaka miji ambayo haijaharibiwa sana kwa mabomu, ili nguvu ya silaha mpya ionekane wazi. Hapo moyo huniuma kila nisomapo, maana kusalimika kwa mji ndiko kulikouponza. Hiroshima ilikuwa na makao makuu ya jeshi na bandari ya kusafirishia askari. Kyoto nayo ilikuwa kwenye orodha. Henry Stimson, Waziri wa Vita, akakataa katakata, ikaondolewa, Nagasaki ikaingizwa. Tarehe 9 Agosti ndege ilikwenda kwanza Kokura, penye kiwanda cha silaha. Mawingu na moshi viliifunika shabaha, rubani akageukia Nagasaki. Neno la mtu mmoja ofisini, na anga la asubuhi moja! Hadithi isiyo na nasibu ya namna hiyo mimi siiamini.

Katika vita vya makombora, mpangaji huanza na silaha za adui, aziwahi kabla hazijarushwa. Marekani ina makombora 400 ya nyuklia, aina ya Minuteman, ardhini, yametawanywa kati ya mashamba na malisho ya Montana, North Dakota, Wyoming na majimbo jirani. Basi Great Falls, mji mdogo ulio jirani na kambi ya makombora hayo ya Malmstrom, waweza kupigwa kabla ya Chicago. Bandari, mitambo ya mafuta na makao ya serikali hufuata.

Na Tanga ya kubuni? Kijana mmoja ameniuliza pale mlangoni. Tazameni Chongoleani, ng'ambo ya ghuba: ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Matangi yale yanatosha kuwa sababu. Msimbunie adui chuki dhidi ya Tanga. Huenda jina la Ngamiani, mtaa wetu wa hapa mjini, hajapata kulisikia. Ninyi mnalijua, kwa hiyo iandikeni Ngamiani barabara kwa barabara, kuanzia ya Kwanza, nani anauza nini, nani anamngoja nani.

Haya, mlioleta miswada, fungueni pale mji unapopigwa. Tuanze na wa safu ya mbele: nani kauchagua mji wako, na anataka nini humo?