Mbona Simu Yangu Haipokelewi Wikendi: Twendeni Wote Viwanjani, Minnesota

Habarini za huko nyumbani, ndugu zangu! Tanga, Muheza, Dar, Nairobi, na nyie wa Muscat ambao hamkosi hata video moja, karibuni sana. Leo nina deni la kulipa. Wengi mmeniuliza kwa nini Jumamosi na Jumapili simu yangu inaita tu, haipokelewi. Shangazi yangu wa Muheza aliuliza kwa uchungu kabisa, akadhani nimewasusa. Shangazi, shikamoo. Sijawasusa. Leo nakubeba humu kwenye kamera tuzunguke wote, uone mwenyewe.

Niko Brooklyn Park, mji ulio jirani na Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Hapa ni saa moja asubuhi, huko kwenu ni saa tisa alasiri. Angalieni meza: chapati za jana, mayai ya kuchemsha, maji, na haya machungwa niliyokata robo robo. Machungwa si yetu peke yetu. Wazazi wa timu hupeana zamu ya kulisha watoto wote baada ya mechi, na leo zamu ni yangu. Baba watoto ameshatoka na mkubwa, yule wa besiboli. Mimi nimebaki na hawa wawili, kila mmoja na uwanja wake, na mechi zinapishana kwa saa moja tu. Jezi zipo, soksi zipo, vikinga vya ugoko... kimoja hakionekani. Ngoja.

Haya, kimepatikana chini ya kiti cha gari. Twende.

Niwaambie kitu ambacho kilinichukua muda kukizoea. Sisi tulitoka shule, tukatupa madaftari, tukaenda kucheza rede au kuwatazama kaka zetu wakipiga chandimu mpaka giza liingie. Hakuna mzazi aliyetupeleka, hakuna aliyelipa. Hapa ninapoishi mimi, mtoto akitoka nje mara nyingi hakuti mtu. Mchezo una usajili, una ada, una ratiba, na lazima umpeleke kwa gari. Usipompeleka hachezi. Kwa hiyo mzazi akisema amechoka, mtoto wake ndiye anayekosa.

Tumefika. Geukeni na kamera muone. Huyu wangu mdogo ana miaka sita. Hebu hesabuni wachezaji: wanne upande huu, wanne upande ule, wala hakuna kipa. Goli lenyewe dogo, mpira ni namba 3, saizi ya watoto wadogo. Kule ng'ambo dada yake, miaka tisa, wanacheza saba kwa saba na mpira namba 4. Wakifika miaka kumi na moja watacheza tisa kwa tisa, na wakifika kumi na tatu ndipo wanaingia kumi na moja kwa kumi na moja. Na kupiga kichwa ni marufuku kwa hawa wadogo. Shirikisho la Soka la Marekani lilitangaza mwaka 2015 kwamba mtoto wa miaka kumi kushuka chini asipige mpira kwa kichwa, kwa ajili ya kulinda ubongo. Akipiga kwa makusudi, refa anapuliza filimbi.

Hapa nataka walimu wa michezo wa kwetu wanisikilize, maana jambo hili liko moyoni mwangu. Nimecheza shule ya msingi Tanzania, nimeona mashindano ya shule. Mtoto wa darasa la tatu anawekwa kwenye uwanja wa watu wazima, wenzake ishirini na mmoja, anakimbia mpaka anaishiwa pumzi na mpira haujafika miguuni kwake. Wanaojua wanazidi kujua, waoga wanasimama pembeni mpaka kengele ilie. Mtazameni huyu wangu. Ni mwoga, lakini wakiwa wanne hana pa kujificha, mpira unamfuata tu! Na hili halihitaji dola. Chukua uwanja uleule, ugawe mara nne kwa mawe, watoto wote wacheze kwa wakati mmoja. Mwalimu, jaribu wiki hii.

Yule mwenye filimbi shingoni ndiye kocha wa binti yangu. Ni mama wa mmoja wa watoto, ni nesi, ametoka zamu ya usiku asubuhi hii. Halipwi hata senti. Ligi nzima ya mtaa inaendeshwa na watu kama yeye. Ziko klabu za kusafiri ambazo mzazi hulipa dola elfu mbili, elfu tatu kwa mwaka, bado mafuta na hoteli. Sisi na baba watoto tulikaa tukaamua: bado. Ligi ya mtaa inatosha, na njumu tunanunua za mitumba. Ndiyo, mitumba huku ipo.

Na wasichana, jamani! Sheria ya Marekani iitwayo Title IX ya mwaka 1972 ilizibana shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu visimbague msichana, michezo ikiwemo. Vizazi vya wasichana wa Marekani vilivyofuata ndivyo vilivyobeba Kombe la Dunia la Wanawake mwaka 1991, 1999, 2015 na 2019. Na sisi tunao Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, waliofika fainali za Afrika kule Afrika Kusini mwaka 2010. Binti yangu anawajua. Ninyi akina baba wa Tanga, binti yako akicheza Jumamosi, nenda ukasimame pembeni ya uwanja umwite kwa jina lake. Nusu saa tu.

Mmesikia hiyo? Ngurumo. Wote kwenye magari! Sheria ya hapa ni kwamba ikinguruma mchezo unasimama, na hamrudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena, mnaanza kuhesabu upya. Basi tunakula machungwa humu garini, na jirani yangu Mliberia ametuletea wali wa moto.

Baba watoto kapiga simu kutoka kwenye besiboli: kijana wetu mkubwa karusha vizuri, wakamtoa mapema. Ligi za watoto huhesabu mipira anayorusha mmoja kwa siku. Kwa Little League, ligi ya besiboli ya watoto, wa miaka kumi na moja na kumi na mbili hawazidi 85, mkono usije ukaharibika. Na mnajua anachowaringia wenzake? Kwamba mwaka 2012 vijana wa Uganda walifika Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kwenye mashindano ya dunia ya Little League. Sisi si Waganda, lakini akisimulia hayo yeye ni Mganda kabisa.

Hii sasa ni Jumapili, tumetoka kanisani. Tuko Como Zoo, St. Paul, kuingia ni bure, unachangia ukipenda. Mdogo anang'ang'ania kwa twiga. Twiga wa kwanza kumwona kwa macho yake ni huyu wa Minnesota, na hilo linaniuma, nasema kweli. Tunaweka akiba ya nauli. Nataka amwone twiga kwenye hifadhi ya Mikumi, anakula majani ya mgunga, hana uzio mbele yake.

Shangazi, kuanzia wiki ijayo nitakupigia Jumamosi saa tisa na nusu ya huko, kabla hatujatoka. Kaa na simu. Na walimu mlioko hapa, niandikieni chini: shuleni kwenu kuna mipira mingapi, na darasa moja lina watoto wangapi? Nauliza kwa sababu wazazi wa timu yetu wana mipira namba 3 na namba 4 iliyobaki msimu uliopita, na tayari wamekubali kuitoa.