Ndoo Iko Uzazi

FESTO: Inarekodi?

AIKANDE: Taa nyekundu si hiyo hapo. Anza.

FESTO: Haya, karibuni. Wiki iliyopita tuliahidi mambo matano ya kufanya bia ikigoma katikati ya kuchachuka. Nimeyaandika kabisa kwenye karatasi, msije mkasema Festo anapiga porojo. Ila kabla ya karatasi, mama Glory, waambie watu nilichokikuta kwako Jumatano.

AIKANDE: Ulikuta ndoo.

FESTO: Nilikuta ndoo imefunikwa blanketi hadi shingoni, stoo giza, na mama mkwe wako kakaa mlangoni kwenye kigoda, anachambua ulezi. Nikamwamkia, akaniwekea kidole mdomoni. Shii!

AIKANDE: [anacheka] Ngoja nieleze mimi, wewe utaongeza chumvi. Nilipika Jumamosi, lita 20, bia ya kawaida tu, ile nyekundu-nyekundu. Ilianza 1.050 kwenye haidromita, kile kipimo cha kuelea ambacho namba yake inashuka kadiri hamira inavyokula sukari. Siku ya tano nikapima, 1.022. Nikasema safi, bado siku mbili tatu itafika 1.012 nijaze chupa. Siku ya tisa nikapima tena, 1.022 ile ile. Imekaa tu, haisogei.

FESTO: Na ni Julai.

AIKANDE: Na ni Julai, Ngaramtoni! Watu wa Dar mnaotusikiliza, nyie hamjui baridi. Saa kumi na moja alfajiri kipimajoto cha stoo kilikuwa nyuzi 13. Hamira ile inataka 18 mpaka 20. Ukiipeleka 13 inajikunyata, inashuka chini ya ndoo, inalala. Kwa hiyo nikachukua blanketi.

FESTO: Lipi?

AIKANDE: Blanketi tu.

FESTO: Lipi, Aika?

AIKANDE: ...Lile zito, la maua.

FESTO: Alilokuletea nani?

AIKANDE: Alilokuja nalo mama mkwe kutoka Rombo nilipojifungua Glory. Haya, umefurahi? Sasa sikujua kama anakuja. Jumatatu jioni nasikia hodi, ni yeye, ana miadi ya macho hapa mjini. Usiku akauliza, mwanangu, lile blanketi langu liko wapi, huku kwenu baridi. Mimi najing'atang'ata. Akaenda mwenyewe stoo na tochi. Akarudi, akasimama mlangoni, ananiuliza taratibu, "Nani anaumwa?" Nikasema hakuna mama, ni bia. Akanyamaza. Akaniuliza, "Imejifungua lini?"

FESTO: [kicheko kirefu] Aisee!

AIKANDE: Na hakulichukua! Alilala na shuka mbili na kitenge. Anasema mzazi havuliwi blanketi.

FESTO: Kwa wasiojua, kwa Wachaga mwanamke akijifungua anafungiwa ndani miezi mitatu, halimi, hapiki, anakula mtori mpaka mashavu yanang'aa. Sasa swali la kitaalamu: ndoo imepewa mtori?

AIKANDE: Tuendelee na mada.

FESTO: Hii ndiyo mada. Kisusio je, ile supu ya damu?

AIKANDE: Festo.

FESTO: Sawa. Ila mimi na wewe Jumatano tulibishana, na nataka tubishane mbele ya watu. Mimi nasema ndoo yako haikupata baridi. Ndoo yako ilizaliwa hivyo.

AIKANDE: Unaona maneno yake?

FESTO: Siku ya kupika, ile saa moja ya kuloweka kimea kwenye maji ya moto, kipimajoto ulikiweka wapi?

AIKANDE: Kwenye sufuria.

FESTO: Juu au chini?

AIKANDE: Juu, kimening'inia na kamba. Kilisoma 66 muda wote.

FESTO: Na jiko la gesi?

AIKANDE: Niliacha moto mdogo kabisa, kwa sababu ya baridi.

FESTO: Basi kesi imekwisha. Juu 66, chini ya sufuria si ajabu ilikuwa 72, 73. Kile kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari ndogo-ndogo ambazo hamira inaweza kula, kinapenda 62 mpaka 65. Ukivuka 70 kinakufa haraka. Kinabaki kile kingine, kinakata vipande vikubwa-vikubwa. Hamira ikifika pale inakuta magogo, na yenyewe haina shoka. Hata uifunike mablanketi ya Rombo nzima.

AIKANDE: Umemaliza? Haya. Mama mkwe aliionja. Unajua alisemaje?

FESTO: Alisema togwa.

AIKANDE: Alisema "hii bado togwa." Maana yake tamu. Sasa niambie, Festo, wewe unayejua magogo. Yale magogo yana utamu?

FESTO: Yana... uzito. Yanajaza mdomo.

AIKANDE: Hayana utamu, au yana kidogo sana. Bia ya kimea kilichozidi moto inakuwa nzito, siyo tamu. Yangu ni tamu kama chai ya msibani. Ule utamu ni sukari ambayo hamira ilikuwa na uwezo wa kuila, ikaacha. Kwa nini iliacha? Ilikuwa imelala.

FESTO: Aliyeonja ni bibi aliyezoea mbege yenye msesewe. Ukishazoea ule uchungu wa magome, hata maji utasema matamu.

AIKANDE: Usimguse mama mkwe wangu. Yule anapika mbege tangu hujazaliwa. Anajua ndizi zilizopikwa zikae siku ngapi kabla hazijawekewa ulezi, kwa kunusa tu, hana haidromita.

FESTO: Simgusi! Namwogopa. Ila blanketi limekaa siku tatu. Ndoo sasa ina nyuzi ngapi?

AIKANDE: 19.

FESTO: Na kipimo?

AIKANDE: 1.021.

FESTO: Nukta moja! Siku tatu za joto, nukta moja. Kama ni usingizi, huyo mzazi angeshaamka, angeshaomba uji.

AIKANDE: Hamira ikishazama chini haipandi yenyewe kwa sababu umeipa joto. Inataka kuamshwa. Unainua ndoo taratibu unaizungusha, bila kufungua mfuniko, yale machicha ya chini yanyanyuke.

FESTO: Umezungusha?

AIKANDE: Mama mkwe kakataza. Mzazi hatikiswi.

FESTO: [anapiga meza] Siwezi mimi!

AIKANDE: Mimi nilifanya jambo la maana. Nilichota glasi moja, nikatia kijiko cha hamira ya maandazi.

FESTO: Hapo nakuunga mkono. Wasikilizaji, hili mliandike. Usiweke hamira ya maandazi kwenye ndoo nzima, ladha utaikumbuka. Lakini kwenye glasi ya majaribio ni sawa, ukoo ni ule ule. Unatia nyingi kuliko inavyohitajika, unaiweka mahali pa joto, nyuzi 25 hivi, unaitikisa kila ukipita. Baada ya siku mbili unapima. Glasi ikishuka mpaka 1.012, sukari ipo na ndoo yako ina tatizo la hamira. Glasi ikibaki 1.021, hakuna cha kuliwa, nimeshinda. Kwa hiyo? Glasi ilisemaje?

AIKANDE: ...

FESTO: Mama Glory.

AIKANDE: Niliiweka juu ya friji, kule nyuma kunakotoka joto. Asubuhi nakuta glasi imeoshwa, imepinduliwa.

FESTO: Hapana.

AIKANDE: Anasema alikuta togwa imeanza kupanda povu, akaona isiharibike, akainywa. Inasaidia tumbo.

FESTO: Kapanda basi kutoka Rombo kuja kunywa ushahidi!

AIKANDE: Lakini sikiliza, ilikuwa na povu! Povu maana yake...

FESTO: Povu la kijiko cha hamira ya maandazi ndani ya usiku mmoja, hata kwenye maji ya sukari ya mwisho kabisa utaliona. Ile hewa iliyokuwa imeyeyuka mle ndani ilitoka tu ulipotia chengachenga. Haihesabiki.

AIKANDE: Inahesabika.

FESTO: Haihesabiki bila namba.

AIKANDE: Sawa, wewe baki na magogo yako. Mimi nasema baridi.

FESTO: Na mimi nasema jiko.

AIKANDE: Soma karatasi.

FESTO: Nasoma. La kwanza: kamrija ka maji pale kwenye mfuniko kakinyamaza, siyo ushahidi wa chochote. Mfuniko ukivuja kidogo tu pembeni, hewa inapita huko, kamrija kananyamaza na bia inaendelea kuchachuka kama kawaida. Na kinyume chake, jua likipiga ndoo, kanabubujika wakati bia ilishakwisha. Pima. Namba ile ile siku tatu mfululizo ndiyo unaanza kuwa na wasiwasi. Na ukitumia kile kipimo cha kuchungulia kwenye mwanga, cha tone moja, kumbuka kilevi kinakidanganya, kinasoma juu kuliko ukweli. Bia nyingi zinazosemekana zimegoma hazijagoma, kipimo ndicho kimegoma.

AIKANDE: Na usijaze chupa kwa hasira. Hili nalisema mimi kwa sababu Festo hawezi kulisema.

FESTO: Tulikubaliana kabati lile haliongelewi.

AIKANDE: Nimetaja kabati? Nasema tu, bia iliyolala na 1.022 ukaijaza kwenye chupa, ukaongeza na sukari ya gesi, siku joto likirudi inaamkia humo humo, na gesi haina pa kutokea. Chupa ni kioo. Mengine watu wanakumbuka wenyewe.

FESTO: Vyombo vya harusi vilikuwa mle.

AIKANDE: Pole, mzee. La pili?

FESTO: La pili, kuna dada wa Njombe kauliza kama akiona imegoma aitikise kwa nguvu iingie hewa. Hapana. Hewa hamira inaihitaji mwanzoni, kabla haijaanza kazi. Pale ndiyo mwaga kutoka ndoo hii kwenda ile, piga povu utakavyo. Ikishakuwa bia, hewa inaleta ladha ya boksi lililoloana. Kwetu Iringa ulanzi hatuusumbui namna hii. Unakata mwanzi, unaning'iniza mbeta, asubuhi unashusha mtamu, ukiuacha unakuwa mkangafu wenyewe. Haugomi.

AIKANDE: Haugomi kwa sababu hamjawahi kuupima. Huo ni mlio wa nini?

FESTO: LUKU. Zimebaki uniti mbili, na mke wangu anapasi nguo za watoto za shule chumba cha pili.

AIKANDE: Na bado la tatu, la nne, la tano.

FESTO: La tatu lilikuwa refu kweli, kuhusu hamira iliyokaa dukani kwenye jua na pakiti kupita tarehe. Tutasema siku nyingine, au hatutasema. Simu yako.

AIKANDE: Ni yeye. Ngoja. Haloo? Shikamoo mama... Umefika salama?... Mungu mwema. Macho je?... Ndiyo, blanketi ndoo bado iko nalo... Hapana, leo sijaifungua... Umefanya nini?

FESTO: Kafanya nini?

AIKANDE: Nyamaza. Mama, kimea cha ulezi? Ule uliokuwa unauchambua?... Kiasi gani?... Kata mbili.

FESTO: Mungu wangu.

AIKANDE: Na umekoroga... Kwa mwiko wa ugali.

FESTO: Basi. Ulezi una vimeng'enya vyake vya kukata magogo na una hamira yake ya porini. Ikishuka sasa, kashinda nani? Mimi au wewe?

AIKANDE: Lini, mama?... Jana usiku, kabla ya kulala... Sawa. Sawa mama. Nimekuelewa... Anasema nisifungue mpaka Jumapili, mzazi asipigwe na upepo.

FESTO: Muulize na mtori.

AIKANDE: Anasema mtori ndio huo alioutia.

[rekodi inakatika]